Kitambaa cha Bibi juu ya Ruta

Lusajo, ukitoka chuo mpitie Noela, mkanunue ruta mpya ya intaneti. Ile ya zamani imekufa asubuhi hii. Msichukue ya ovyo ovyo. Nyumba hii ina kompyuta nne, na mama yenu anasomea uuguzi humo humo. Chagueni iliyo imara, yenye matundu ya kutolea joto pembeni, siyo juu.

~~Na kile kitambaa kisiwekwe tena.~~

Mlisikia kelele wakati mnatoka, kwa hiyo nieleze. Ruta imeungua kwa sababu ilifunikwa na kitambaa cheupe alichofuma bibi yenu alipokuja kukaa nasi hapa Fridley, Marekani. Kwao Tukuyu, redio haiachwi uchi. Nilikivuta kwa hasira, nikakitupa kwenye pipa la taka, juu ya majani ya chai. Nikamwambia mama yenu, "Tumpe, hii siyo redio ya mama yako!"

Aliingia chumbani akafunga mlango taratibu. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba bibi alizikwa Tukuyu mwezi wa tatu, na mama yenu hakuweza kwenda kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji. Siku ya mazishi alikaa sebuleni akikitazama kitambaa hicho.

Nimekiokota, nimekifua kwa mkono. Kiko bafuni. Doa la chai halijatoka lote. Kikikauka, kirudisheni juu ya ruta mpya, pale pale.

Wali uko kwenye friji. Mama mwacheni alale.

Ruta ikiungua tena, tutanunua nyingine.

Baba