Gunzi Kwenye Mpira wa Maji

Milepa, 29 Septemba 2024

Mwanangu Avelina,

Hujambo? Vipi baridi ya Sumbawanga? Sisi huku bondeni tu wazima, ila joto limeanza kutukaanga mapema.

Fundi Yonas alifika na kiyoyozi ulichotuma, akakifunga ukutani juu ya kitanda cha mama yako. Tangu apooze upande hajawahi kulala hivi. Anakoroma! Asante sana. Baridi ya Sumbawanga imefika kabla yako wewe, lakini sisemi kitu.

Neno moja tu. Ule mpira mweupe unaotokea nje unadondosha maji chini ya ukuta mchana na usiku. Nyumba hii ni ya matofali mabichi, nimeyafyatua mwenyewe, na pameshaanza kuchimbika. Nitapatafutia dawa.

Usipige simu, masikio yangu unayajua. Andika, mpe dereva wa basi.

Baba yako,
Zenon

Sumbawanga, 8 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Na mama mfikishie shikamoo yake. Mimi mzima, mafua tu. Nimecheka peke yangu ofisini kwa hilo la kukoroma.

Yale maji si ugonjwa, baba. Mashine inavuta unyevu wa chumbani, lazima utokee mahali. Unganisha mpira mrefu, uupeleke mbali na ukuta mpaka kwenye migomba, uteremke tu, usipande popote. Na chujio la mbele lifungue ulioshe kila baada ya wiki mbili, likijaa vumbi nalo huleta maji ndani.

Nitakuja mitihani ya wanafunzi wangu ikiisha. Na hayo maneno ya kufika kabla yangu yameniuma, nakwambia ukweli.

Mwanao,
Avelina

Milepa, 20 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mafua yamepona? Barua yako imenikuta nimeshapata dawa. Nilichonga gunzi la mahindi, nikauziba ule mpira. Kimya! Hata tone. Nje pamekauka kabisa, sasa mpira mrefu wa nini?

Chujio nimeliosha. Lilikuwa na vumbi la kupandia mchicha.

Mama yako anakusalimu. Analalamika chumba kinanuka udongo na ukuta wa kichwani kwake unatoka jasho. Nimemwambia ndiyo baridi yenyewe hiyo, atazoea.

Baba yako

Sumbawanga, 24 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine baadaye.

Zima mashine sasa hivi. Toa hilo gunzi. Maji hayakuisha, yamekosa pa kutokea, yanarudi ndani na ukuta unayanywa, hapo hapo mama anapolaza kichwa. Mtoe chumbani kabla hujamaliza kusoma. Mwite jirani yako Eustaki akusaidie. Nampigia simu tangu jana, hapatikani.

Nimeomba ruhusa kazini, bado sijajibiwa. Baba, naogopa.

Mwanao

Milepa, 3 Novemba 2024

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tuko hai wote wawili, hilo nalitanguliza.

Barua yako niliisomea pale pale kwenye basi. Mimi na Eustaki tukambeba mama yako na godoro lake mpaka sebuleni, anatugombeza kwamba tunamtoa peponi. Nilipochomoa gunzi, maji yakaniruka mpaka usoni. Hata hivyo niliona umetia chumvi. Jioni nilitaka kumrudisha, maana joto lilimtesa mno. Nikaisoma tena barua yako, pale uliposema unaogopa, nikamwacha.

Asubuhi tukiwa tunakunywa uji, ukuta ukaanguka. Mashine, matofali, vyote juu ya kitanda kitupu. Chaga hazifai hata kuni za kupikia. Nilikaa chini nikalia, sikufichi.

Mama yako alipiga kelele, "Avelina!" Nikamwambia Avelina yuko Sumbawanga. Akanitazama kama mjinga. "Basi nani amenitoa kule?"

Nikamwambia ni wewe.

Tangu siku hiyo anaamini uko hapa nyumbani. Kila akiamka anauliza umekwenda wapi, nami namwambia umekwenda kisimani. Njoo, mwanangu. Leo ameuliza mbona unakawia.

Baba yako