Uso wa mke wa Mzee Avtar

Ndeshi, mbona hupokei simu? Kaka yako Fanuel ameharibu ubao wa Mzee Avtar.

Ule wenye uso wa marehemu mkewe. Mzee alimwomba amchongee kwa sababu mikono yake siku hizi inatetemeka. Darasa zima la chapa za Kijapani, zile picha za kuchonga ubaoni na kuchapa kwenye karatasi, tulikuwa tumemzunguka tunatazama.

Patasi ikateleza. Mdomo wote umeondoka, Ndeshi. Mdomo wote.

Fanuel akasema, "Mzee, naomba unisamehe." Mzee akajibu taratibu, "Paka wino tuone."

Akapaka, akalaza karatasi, akasugua, akaibandua.

Mzee akaitazama ile picha mpaka tukaona aibu kumtazama. Halafu akasema, "Huyu simjui."

Huyu simjui. Hakufoka wala nini. Akanawa mikono, akaenda zake.

Sasa Fanuel amekaa chini nje ya geti la mzee, pale Kijenge, na ubao mapajani. Mlinzi anasema mzee hataki kuona mtu. Nimemwambia kaka yako tuondoke, ananiuliza, "Niende wapi na uso wa mke wa mtu?"

Njoo, tafadhali.