Hana Hajakukataa, ni Mdomo Wangu

Kijiji cha Majimoto,
Kupitia kwa Katekista Severini,
S.L.P. 41,
Mpanda.

14 Juni, 1996

Mpendwa kaka Malale,

Pokea salamu kutoka huku bondeni, na joto lake nakupa bure maana huko juu Kitulo kwenye ng'ombe wenu wa maziwa najua mnalihitaji. Unaendeleaje? Kichwa kimeacha kugonga? Usingizi unakuja? Sisi wote wazima. Mayu wetu aliyetuzaa mguu umepona, baba yuko na mpunga wake unakauka uani, na mimi mdogo wako Masunga nazidi kupendeza mpaka wasichana wa Kasansa wanakuja mnadani bila kitu cha kuuza.

Mtoto wako Theopista ana meno mawili na ameanza kung'ata. Juzi alining'ata kidole na nikaona kabisa ni damu yako.

Kaka, barua yako ya pili imefika. Umeuliza kama mkeo amekukataa, na kama amekukataa tuseme tu, usiendelee kufagia nyumba kumsubiri mtu asiyekuja. Nakujibu hapa hapa kabla sijaenda mbali: Hana hajakukataa. Aliyekosa ni mimi. Kaa chini kwanza, tena usisome ukiwa umebeba ndoo ya maziwa.

Unajua hapa nyumbani msomaji wa barua ni mimi. Nilifika darasa la sita, nikaona la saba halina jipya. Barua yako ya kwanza ilipokuja, baba aliita watu, nikasimama katikati kama mwalimu mkuu. Wewe ulikuwa umeandika kwamba kichwa kilikuuma siku tatu, kwamba ukipanda kwenda zizini pumzi inakata, kwamba unashtuka usingizini kama mtu aliyezibwa pua, na kwamba maharage yanachemka toka asubuhi na mchana bado magumu. Halafu ukaandika kwamba sasa unaanza kuzoea, mkeo na mtoto waje.

Sasa mimi nilivyoona watu wamenyamaza vile, mama wa jirani ameshika shavu, nikaongeza chumvi. Nilisoma kwamba damu ilikutoka puani kama bomba la kijiji. Nilisoma kwamba ulianguka ukabebwa kwa machela na watu wanne. Hayo hukuyaandika wewe, niliyatunga pale pale na yalinitoka vizuri sana. Nilipofika kwenye mstari wa Hana aje, niliusoma, lakini mayu alikuwa ameshaanza kulia na hakuna aliyenisikia.

Kesho yake baba alibeba kuku kwenda kwa mfumu kupiga ramli. Kuku akapasuliwa, mfumu akaangalia ndani, akasema kuna mtu huko mlimani anakunyonya pumzi, na akiwaona mkeo na mtoto atawafuata na wao. Usimlaumu mzee wa watu, yeye aliangalia kuku akiwa tayari ameambiwa habari ya machela. Baba akatoa amri Hana asitoke hapa, na wewe ufuatwe urudi kuchunga huku kwetu.

Hana akarudi jikoni. Alikuwa anapika, anafua, anakaa. Mimi nikajidai sioni. Wiki tano, kaka. Nilikuwa nataka kusema kila siku na kila siku ulimi unakuwa mzito, mimi mwenye ulimi mwepesi kuliko wote huku Mpimbwe.

Barua ya pili ndiyo ilinivunja. Hiyo niliisoma peke yangu kwanza, nikaenda zahanati kwa Dada Cecilia, yule muuguzi mwenye sauti ya ukali. Kumbe amezaliwa huko huko Makete, wilaya ya hiyo Kitulo yako. Nikamuuliza kama kuna watu wanaonyonya pumzi za wageni.

Akacheka. "Masunga, wewe si ndiye unasema unakimbia kuliko baiskeli? Ziba tundu moja la pua, funga mdomo, kimbia mpaka kisimani urudi."

Nikakimbia. Kwenda nilikwenda kishujaa. Kurudi nilikuwa natembea, macho yamenitoka, na akina mama waliopanga foleni ya kliniki wananiuliza kama nimeonana na simba. Nikajikalia chini kwenye vumbi.

"Haya," akasema, "kaka yako aliamka hivyo siku za mwanzo. Hakuna aliyemnyonya."

Akanieleza, na mimi nakueleza kama alivyosema. Huko juu hewa ni nyepesi. Ukivuta pumzi moja unapata kidogo kuliko unachopata huku bondeni, kwa hiyo mwili unavuta haraka haraka, moyo unakimbia, kichwa kinauma, usingizi unakatika. Halafu mwili unajifunza. Taratibu unatengeneza damu nyekundu nyingi zaidi ya kubeba ile hewa kidogo. Ni kama dume tunalolifunga jembe mara ya kwanza, kaka. Siku ya kwanza linahema na kulala kwenye mtaro, na sisi hatusemi limelogwa, tunalipumzisha. Baada ya wiki kadhaa linalima lenyewe. Na maharage ni hivyo hivyo, maji huko yanachemka kabla hayajawa moto wa kutosha. Yaloweke usiku kucha, na funika sufuria uweke jiwe juu ya mfuniko.

Nilirudi nikamwambia baba mbele ya mayu na Hana. Baba hakunipiga, heri angenipiga. Aliniambia niende nyumba kwa nyumba nikawaite wote waliosikia mara ya kwanza, nisome upya, neno kwa neno. Nikasoma. Ilikuwa fupi mno. Nilipomaliza mayu akasema, "Kumbe nyie, tulilia msiba wa mdomo wa huyu." Mama wa jirani akauliza, "Na machela je?" Nikasema hakuna machela. Aliondoka kama mtu aliyenyang'anywa chakula.

Baba ametengua amri yake. Tunaondoka tarehe 6 Julai, na mimi ndiye msindikizaji, hiyo ni adhabu na mimi nimeipenda. Dada Cecilia ametupangia safari: lori la mpunga mpaka Sumbawanga, tulale siku mbili. Basi mpaka Mbeya, tulale mbili nyingine. Ndipo tupande kona za Chimala kuja huko kwako. Mwili upande kidogo kidogo. Hana akifika asichote maji wala kubeba kuni siku za kwanza, utachota wewe. Anywe maji sana, pombe hapana, na hiyo inanihusu mimi. Mtoto akikataa ziwa, au mtu yeyote akikohoa na kukosa pumzi akiwa amekaa tu, tusibishane, tushuke siku hiyo hiyo.

Kuanzia sasa barua zako atasoma katekista Severini. Hata hii anaisoma hapa hapa ninavyoiandika, kwa agizo la baba. Ule mstari uliouona umekatwa hapo kwenye mbio za kisimani ni yeye aliyeukata.

Baba, mayu, Dada Cecilia na Severini wanakusalimu. Mungu akulinde huko karibu na kwake, akuongezee damu na kukupunguzia hasira juu yangu.

Hana yuko hapa pembeni yangu anatwanga. Nilimwuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akasimamisha mchi, akasema: "Mwambie nilikuwa nafunga mzigo kila Jumamosi. Jumapili nafungua nipate nguo ya kanisani. Sasa sitafungua." Severini ni shahidi, sijaongeza na sijapunguza.

Ni mimi mdogo wako mwenye kosa na mwenye kukupenda,

Masunga Makoye