Uso Uliofungwa Bendeji

Assalaam alaykum Baba, na shikamoo.

Nakuandikia kwa hati ya Kiarabu, ile uliyonifundisha barazani kwetu Jomvu Kuu nikiwa na pengo la meno ya mbele. Usiucheke mwandiko wangu, huku Uholanzi mkono umezoea kubonyeza tu. Barua atakuletea Bi Zuwena, jirani yangu, anakuja Kisauni kuwaona wajukuu. Mkono wa kushoto waendeleaje? Presha imeshuka? Unakula? Haya yote nilitaka kukuuliza kwa simu, lakini tangu utoke hospitali kila nikipiga mdogo wangu Athmani hunijibu kwamba umelala. Hakuna mtu anayelala hivyo, Baba. Naogopa.

Jana nilimbana aniambie kweli.

"Dada, wallahi sitaki kuingia kati yenu," akasema. "Baba hataki simu yako. N'memuuliza kisa ni nini, akanambia, 'Majibu yake n'liyaona.' Basi. Akageukia ukutani."

Majibu hayo nayajua, maana niliyatuma mwenyewe.

Unakumbuka nilipokuja likizo nikakuwekea ile programu niliyoitengeneza, kwa kuwa meseji za herufi za Kizungu huzisomi. Tulipatana kila ukirudi msikitini Alfajiri ubonyeze uso mmoja. Unaocheka, u mzima. Uliofungwa bendeji kichwani, unaumwa. Nami nikiwa kwenye treni ya kwenda kazini nikujibu kwa picha. Ukanitania, "N'mekusomesha hata ng'ambo, uje unipe vinyago?" Lakini hukukosa hata siku moja.

Wiki ile uliyougua, kila asubuhi kwenye simu yangu ulitokea uso unaocheka. Jumatatu nikakupigia makofi. Jumanne nikakutumia waridi. Jumatano nikakutumia uso unaocheka mpaka machozi yanautoka. Alhamisi makofi tena, huku natafuta kiti. Ijumaa Athmani akanipigia analia, umekutwa umekaa chini njiani kwenda kuswali Ijumaa, mkono hauinuki, maneno hayatoki sawa.

Ndipo nikafungua kumbukumbu za programu nikatazama ulichonitumia hasa. Siku zote nne, uso uliofungwa bendeji.

Baba, naomba unisikilize. Sisi watu wa kazi hii hatuchori kila kitu wenyewe. Tunachukua kazi iliyokwisha kutengenezwa na wengine, tunaiita maktaba, ingawa haina kitabu hata kimoja. Ukibonyeza uso, simu yako haitumi picha, inatuma namba. Kwangu maktaba inaitazama namba, inakwenda kuchukua picha yake kwenye kompyuta ya mbali ya watu nisiowajua, inaichomeka mahali pake. Wiki ile watu hao waliziondoa picha zao. Kwako zilibaki kwa kuwa simu yako ilikwisha kuzihifadhi. Kwangu hazikupatikana.

Hapo ningeona kiboksi kitupu, ningeshtuka, ningepiga simu. Lakini zamani niliwaonyesha wenzangu wa ofisini programu hii vikatokea viboksi vitupu, nikaona haya. Nikaiagiza kwamba picha yoyote ikikosekana, iwekwe ya kucheka, ambayo nilikuwa nimeihifadhi humo humo ndani. Nilitaka kazi yangu ipendeze, basi. Ulinifundisha kushona kofia, ukaniambia tundu likikosewa linafumuliwa, halifunikwi kwa uzi. Mimi nililifunika, na nililolifunika ni maumivu yako.

Kwa hiyo ulinambia unaumwa nami nikakupigia makofi. Nikikufikiria umekaa kitandani na simu mkononi, unaliona waridi langu na kichwa kinakupasuka, natamani ardhi inimeze. Naogopa umeamini mwanao alikucheka. Naogopa zaidi kwamba utaumwa tena na hutaniambia, kwa kuwa kuniambia hakukufaa kitu. Sipati usingizi.

Picha zote sasa nimezichomeka ndani ya programu yenyewe, hatumtegemei mtu. Na ikikosekana hata moja, simu yangu italia kengele mpaka niizime. Nimeijaribu mara nyingi mno, wenzangu wananiona nimerukwa na akili. Nimeomba ruhusa kazini nije, bado hawajanijibu.

Msalimie sana Athmani, najua mzigo umemwelemea. Shangazi Mwanamisi anayekupikia uji umwambie chumvi apunguze, hata ukimnunia. Na majirani waliokubeba mpaka barabarani, Mungu awalipe.

Sasa neno moja tu. Nimeongeza uso mwingine kwenye simu yako, Athmani atakuonyesha. Ni mwekundu, umekunja kipaji, umekasirika. Sikulazimishi kunisamehe wala kunisemesha. Mkono wako wa kulia ungali mzima, basi ukirudi kwenye swala ubonyeze huo. Ubonyeze kila siku, hata mwaka mzima, nimestahili. Sitakujibu kwa picha tena. Nitakuwa kwenye treni, simu nimeishika kwa mikono miwili, na ukitokea uso ule uliokasirika nitalia mbele za watu kwa furaha, kwa kuwa nitajua Baba ameamka.

Ni mimi mwanao, mwenye hofu na mwenye kukupenda,
Riziki