Pumzi za Kaka Yake Chiriku

Jumatatu, 3 Machi

Nimezisikia tena. Nilikuwa kazini, chumba cha kufulia cha hoteli, napiga pasi shuka. Ile pasi kubwa ya mvuke, ukiifunika, hutoa pumzi ndefu — hssss — inakwama kidogo, halafu inaachia. Ndivyo alivyokuwa akipumua mwanangu wa kwanza siku zake za mwisho. Miaka sita sasa. Mwenzangu wa meza ya kukunja akaniuliza mbona nimeganda. Nikasema mgongo. Kila kitu nasingizia mgongo.

Chiriku leo mzima. Ana miaka minne na mdomo wa watu kumi, ndiyo maana bibi yake kampa jina la ndege. Macho yana unjano, lakini ule wa siku zote. Selimundu, ugonjwa huu wa damu, haina likizo. Keshokutwa kliniki.

Jumatano, 5 Machi

Nesi mpya. Mnene, sauti ya taratibu, anaongea na mtoto kwanza, mama baadaye. Kaniuliza Chiriku amepata chanjo zipi. Nikasema ukweli: matone alipata, sindano hapana. Waliomtangulia walikuwa wakinigombeza, nami nanyamaza mpaka wanachoka wenyewe. Huyu hakugomba. Aliuliza tu kwa nini.

Nikamwambia. Kaka yake alizaliwa na tundu kwenye moyo. Alichomwa sindano Jumanne, Ijumaa tukamzika.

Nesi akaweka kalamu chini. Akanipa pole — pole ya mtu, si ya ofisini. Kisha akasema, "Mama, sikulazimishi. Lakini mtoto wa selimundu ndiye wa kwanza kuchanjwa, si wa mwisho. Bandama lake limechoka. Kijidudu kikiingia kwenye damu kinakuta nyumba haina mlinzi."

Nikauliza kama itamdhuru. Akasema huenda akapata homa, mkono ukamuuma. Kwamba chanjo hii ya nimonia haina kijidudu hai, haiwezi kumpa ugonjwa wenyewe. Na hatari nyingine je? Akasema ipo, ila ni nadra sana, mwili kuikataa ghafla, ndiyo maana wanawakalisha watoto pale kwanza kabla ya kuondoka. Nilipenda kwamba hakusema hakuna.

Nimesema nitafikiri. Nje kwenye benchi Mama Pacha alikuwa ananingoja. Wanawe wote wawili, wasichana, wana selimundu, na tumezoeana tangu watoto wetu wanatambaa. Yeye haogopi sindano. Tatizo lake kila akipanga kuwapeleka, mmoja anashikwa na maumivu ya mifupa, anaahirisha. Amesema mwezi huu lazima. Akacheka. Anasema hivyo kila mwezi.

Jumapili, 9 Machi

Nimemweleza mama mkwe maneno ya nesi. Yeye ndiye aliyempakata mwanangu mpaka mwisho, mimi nilikuwa nimeenda kumchotea maji. Si mtu mbaya. Chiriku akiumwa miguu, yeye ndiye anayeikanda mpaka mikono yake inakufa ganzi.

Nikajaribu utani, nikamwambia mama, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hakucheka. Akasema, taratibu kabisa, "Mie sikuona ung'ongo, mwanangu. Nilimwona nyoka mwenyewe."

Mume wangu akachukua mkoba wake wa spana. Ni fundi wa friji. Akasema kuna bucha friji lake limezima. Jumapili! Nimegundua kitu: marehemu akitajwa tu nyumba hii, lazima friji la mtu liharibike.

Alhamisi, 13 Machi

Mchana. Nimemkuta Chiriku chumbani anaongea peke yake. Nikamuuliza anaongea na nani.

Kaka, kasema. Kaka anataka dirisha lifunguliwe.

Mwanangu alikuwa hivyo. Dirisha wazi hata mvua inanyesha. Lakini huyu hakumkuta! Bibi yake atakuwa amemsimulia. Lazima amemsimulia. Sijamuuliza.

Dirisha nimelifungua.

Jumatatu, 17 Machi

Pacha mmoja amefariki.

Yule mpole. Jumamosi kaamka na homa, wakadhani mafua. Jua linazama hayupo. Hospitali wamesema kijidudu kiliingia kwenye damu.

Nimetoka msibani sasa hivi. Mama Pacha halii. Alinishika kiganja akanivuta karibu, akaniambia, "Nilikuwa nangoja apone miguu kwanza, ndiyo nimpeleke." Akarudia. Akarudia tena, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni asiyeelewa.

Pacha aliyebaki alikuwa amekaa kwenye mkeka, kaacha nafasi pembeni yake. Kila aliyetaka kukaa pale alimwambia asogee.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwambia mume wangu nampeleka Chiriku. Nilidhani atakuja na hadithi ya friji. Hakuja nayo. Akafunga mlango wa jiko, akasimama nao mgongoni.

Akasema, "Kaka yake alikuwa anaondoka, Mama Chiriku. Kabla ya sindano."

Daktari wa moyo alimwita mume wangu peke yake, wiki kadhaa kabla. Moyo umevimba, mapafu yanajaa maji, wakati wa kumpasua umepita. Chanjo ilikuwa ya kumkinga na vifua vya watu, ili siku zilizobaki asizimalize akikohoa. Yeye akalimeza neno hilo. Alitaka, anasema, nipate siku chache za kucheka na mtoto bila kuhesabu. Kisha mtoto akaenda, na mama mkwe akasema ni sindano. Naye akaacha iwe sindano.

Nikamuuliza kwa nini hakusema hata baada ya mazishi.

"Ukiwa na sindano ulikuwa na kitu cha kukasirikia. Bila sindano ungebaki na mimi."

Sikulia. Nilichukua kikombe kisafi nikakiosha. Nikakiosha tena. Chiriku amezaliwa, ametembea, ameota meno, miaka minne nyumba haina mlinzi, kwa sababu ya neno ambalo mtu mzima alilimeza! Na nimlaumu vipi? Alinipa zile siku. Nazikumbuka. Tulicheka kweli.

Lakini aliyenificha mara moja — nitajuaje kwamba leo hanifichi? Kwamba hakutunga hili ili niende nikiwa mwepesi?

Ijumaa, 21 Machi

Nimempata daktari yule kwa simu. Amestaafu, sauti imezeeka. Nilipomtajia moyo wa mwanangu alikumbuka, au alijifanya anakumbuka kwa heshima. Amesema yaleyale ya mume wangu. Nikamwomba aniapie kwamba sindano haikugusa kitu.

Akasema hawezi kumwapia mtu yeyote juu ya kitu chochote cha mwili. Ila moyo ule ungesimama na sindano au bila sindano. Akaniuliza nina watoto wengine. Nikasema mmoja. Akasema mpeleke.

Nikakata simu, nikarudi kwenye shuka. Pasi ikapumua. Ilikuwa ileile. Nilidhani nikijua, pumzi zile zitakoma.

Jumatano, 26 Machi

Tumemchanja. Mume wangu alikuja. Kabla ya yote akamwuliza nesi friji lao linashika baridi ngapi. Nesi hakukasirika, akalifungua akamwonyesha kipimajoto, na mume wangu akainama akakisoma kama anasoma barua ya mahakama. Akaitikia kwa kichwa, sawa. Ndipo nikampakata mtoto.

Chiriku akalia, kisha akamwambia nesi hana adabu. Nesi akasema ni kweli, hata mama yake humwambia hivyo. Tukakaa kwenye benchi tulipoambiwa tukae. Namtazama midomo, kucha, shingo. Hakuna kitu. Akaomba twende nyumbani.

Mama mkwe hatujamwambia. Ni mume wangu aliyesema tungoje. Anajua kungoja, huyu.

Alhamisi, 27 Machi

Niko hospitali. Asubuhi nimemgusa Chiriku — moto! Kwa selimundu homa yoyote ni hospitali, hata siku ya pili ya chanjo. Nesi alinisisitizia hilo jana mlangoni. Kwa hiyo tumekuja mbio. Wamemtoa damu ya kupima, wamemwekea dripu ya dawa ya vijidudu. Daktari wa zamu, binti mdogo, amesema huenda ni chanjo tu, huenda ni ugonjwa aliokuja nao, na hatabahatisha mpaka majibu yatoke. Mtoto anaongea kidogo. Kidogo sana kwa Chiriku.

Mama mkwe amefika. Nani kamwambia sijui. Amevaa ndala mbili zisizofanana. Akaangalia mkono wa mtoto, pale palipobandikwa pamba.

"Mmemchoma?"

Mume wangu akatazama sakafu. Nikasema, "Nimemchoma mimi, mama. Na mwanao ana neno la kukwambia. Msikilize nje, kisha rudi unigombeze."

Wametoka. Nawaona kupitia kioo cha mlango. Mume wangu anaongea, mikono yake inaongea pia. Mama mkwe kanipa mgongo. Mgongo hausemi kitu. Halafu umeegemea ukuta.

Mama mkwe amerudi peke yake. Hajanitazama. Amechukua kitambaa mkononi mwangu, amekichovya kwenye beseni, amekikamua, amemwekea mtoto kwenye paji la uso. Mume wangu yuko kizingitini, haingii, hatoki.

Nesi wa kliniki kapita kutuona. Kasema kuna dozi ya pili, wiki nane baadaye, ila leo si siku ya kuniuliza, tutaongea mtoto akitulia. Kitambaa cha mama mkwe kimesimama hewani, kinadondosha maji kwenye shuka.

Nimemwambia nesi aandike tarehe sasa hivi, wote wakisikia.

Homa haijashuka.