Friji ya Karavani na Mlango wa Kanisani

Rodi Kopany, Jumanne jioni, 1966

Kumbe gesi haikuwa na kosa. Nimebadilisha mtungi, nimesafisha tundu la moto, bado friji hii ya gesi ya karavani ya kliniki haipoi. Chanjo za watoto za kesho ziko kwenye kasha, na barafu yake inayeyuka. Niliomba hadi nikaishiwa maneno.

Min Atieno, mama muuza uji, akapita akicheka: "Baba Ochieng, nyumba yenu ya magurudumu imelala upande kama mlevi!"

Kweli. Friji hii haitaki mteremko, niliambiwa; ikiinama, dawa yake ya baridi haizunguki. Lakini nilipoiegesha karavani nilitaka mlango wake utazame kanisa, kwa heshima.

Tukaisukuma karavani hadi tambarare. Nikaweka bakuli la maji juu ya friji, yakakaa sawa.

Sasa hivi nimegusa ndani: baridi! Chanjo nimezihamishia humo.

Mlango sasa unatazama choo cha soko. Mungu anaelewa.