Pezi Linalopanda na Kushuka

Jumanne, 4 Juni
Nimetoboa sakafu ya kayaki, mtumbwi wetu mwembamba wa mtu mmoja, upande wa nyuma. Tobo jembamba, refu kama kutoka kiwiko mpaka kiganja. Chombo kilikuwa hakivuji hata tone, nimekitoboa mwenyewe. Lakini bila pezi la kukata maji chini yake hakiendi sawa. Upepo wa kiangazi ukikipiga ubavuni kinageuza pua kama ng'ombe anayekataa josho. Jumamosi iliyopita nilipiga kasia upande mmoja tu, njia nzima, mpaka kwa mama ng'ambo ya ziwa. Bega bado linauma.

Pezi la kudumu halifai. Ukingoni kwetu maji ni mafupi, na mizizi ya mafunjo imejaa. Lazima lipande na kushuka.

Evarist ameondoka na randa yangu ya kulainishia mbao. Nilipewa chuoni, nilipomaliza useremala. Kayaki tuliijenga wote wawili, yeye akaiacha kwa sababu haipakiki kwenye pikipiki. Mume wangu, miaka tisa ya ndoa.

Alhamisi, 6 Juni
Kahawa imeanikwa. Nikarudi kwenye kasha la pezi. Mbao mbili na kifuniko, linasimama juu ya tobo, na ndani yake pezi linakaa kama ulimi mdomoni. Pezi lenyewe ni bamba la aluminiamu kutoka kwa mfua sufuria. Linazunguka kwenye bolti moja. Utepe wa mpira wa baiskeli unalivuta chini. Kamba inapita kwenye bomba mpaka pembeni mwa kiti: ukivuta pezi linapanda, ukiachia linashuka.

Mama mkwe alisimama akatazama.
"Mwanamke akiachwa hulima," akasema. "Wewe unachonga samaki."

Nikakaza bolti. Anaishi upande wa pili wa ua, anakula chakula changu, na mwanawe yuko Nyakakika na mwanamke mwingine. Siku za kazi namchukia. Jumapili namwombea, kwa shida.

Jumamosi, 8 Juni
Kasha linavuja. Gundi haikushika pembeni. Sikwenda kwa mama. Nimebandua kila kitu. Nimelia, kwa hasira tu.

Jumamosi, 15 Juni
Limefanya kazi.

Upepo ulikuwa mkali, mawimbi mafupi yenye povu. Katikati ya ziwa pua ikaanza kugeuka kama kawaida. Nikaachia kamba. Kayaki ikanyooka, ikatulia. Nikapiga kasia kulia na kushoto kama mtu mwenye akili zake.

Mama haoni vizuri siku hizi. Nilimshika mkono nikampeleka ukingoni, akalipapasa pezi.
"Na hili ni la Evarist?"
"Hapana, Mama. Ni langu."
Akaendelea kulipapasa. Sikumbuki mara ya mwisho kusema "langu" mbele ya mtu.

Jumanne, 18 Juni
Evarist amerudi. Si kwangu. Amesikia kayaki sasa inanyooka kwenye upepo, anaitaka. Ziwani kuna kambi ya wageni, aliwahi kuwa kibarua huko, anataka kuwaonyesha chombo alichokijenga ili wamwajiri. Alichokijenga yeye. Alimpa mama yake shikamoo, mimi akanipita kama nguzo ya ua.

Nimemwambia hataichukua. Ameitisha kikao cha ukoo.

Ijumaa, 21 Juni
Wanaume saba na rubisi, pombe ya ndizi. Mimi kwenye mkeka, karibu na mlango. Baba mkubwa wa Evarist alisema mti wa mgrevilea wa mbavu za kayaki ulikatwa kwenye shamba la ukoo, kwa hiyo kayaki ni ya Evarist.
"Na pezi?" nikauliza.
"Samaki huenda na pezi lake, mwanangu."
Wakacheka. Mama mkwe hakucheka.
Niliwaaga kwa adabu. Nimejichukia kwa adabu hiyo.

Jumamosi, 22 Juni
Nilikwenda ukingoni na spana kwenye mkunjo wa kanga. Ningeweza kulifungua pezi kabla Evarist na watu hawajafika. Sikuweza. Ni kazi yangu nzuri kuliko zote.

Evarist akaingia majini mbele ya watu. Kamba aliiona mwenyewe, akaiachia, kayaki ikanyooka. Watu wakapiga makofi. Hakuuliza pezi linapandishwaje. Angemuuliza nani?

Alirudi kwa kasi, kifua mbele, ili waone. Nilikuwa karibu kuliko wote, mama mkwe ubavuni mwangu. Neno moja tu lilitosha: vuta. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikafunga mdomo.

Pezi likagonga mzizi. Kasha likang'oka na kipande cha sakafu. Maji yakaingia. Pale hafi mtu, maji ni ya magotini. Evarist akasimama kwenye matope, kasia mkononi, na watu waliompigia makofi wakamcheka.

Nilifurahi. Kisha wakaivuta nje, nikaona mbavu nilizozipinda mwenyewe kwa mvuke zimepasuka. Furaha ikaishia hapo.

Jumatatu, 24 Juni
Evarist ameondoka na pikipiki yake. Kayaki ameiacha ukingoni, imelazwa kifudifudi.

Mama mkwe aliingia jikoni na kisu chake. Hajawahi kunisaidia kupika. Akakaa, akavuta ndizi, akaanza kumenya.
"Nilikuona Jumamosi," akasema. "Ulijua."
"Nilijua, Mama."
"Mimi ningejua ningepiga kelele. Ni mwanangu."
"Najua."

Nilingoja matusi. Hayakuja. Nje upepo ulikuwa unapeperusha majani ya migomba. Jumamosi nitakwenda kwa mama kwa miguu, kwa kuzunguka kinamasi. Nitatoka alfajiri.

Mama mkwe alimaliza ile ndizi, akaitia kwenye maji. Hakuondoka. Akachukua nyingine.